Kikohozi cha Shangazi

…na kiti chenyewe Shangazi wamempa cha mlangoni, kile kilichovunjika mguu kikafungwa waya, miaka kumi na tisa amekaa upande wa dirisha, leo anaingia anakuta dirishani kuna Binti wa Simu, kajikunja na viatu vyake vyeupe juu ya kiti, hata hajui kwamba kiti kina mwenyewe, na atajuaje, mtu ambaye umaarufu wake wote kaupata kwa kujirekodi jikoni kwao akimwigiza mama yake, dakika moja moja, watu wanatazama wakiwa chooni, wanacheka, wanavuta maji, wamesahau, hicho ndicho kipaji siku hizi, haya, kipya kinyemi ingawa kidonda… na skripti wamezigawa zimelazwa kifudifudi mbele ya kila mtu, kama mtihani, msifunue mpaka bosi amalize kusema, na bosi anasema, sauti yake ndogo vilevile kama zamani, mpaka meza nzima inainama kumsikia, eti kipindi kimefika mahali lazima kipumue, eti Mzee Kipara, aliyekianzisha na kukisimamia miaka yote hii, ameomba kupumzika, ameomba, nani aliomba, Kipara alitolewa ofisini kikombe cha chai kikiwa bado mkononi, wakampa ngao ya mbao yenye jina lake limekosewa herufi moja, naye akashukuru, akalia, mtu mzima na akili zake, akasema ataitundika sebuleni, na hilo ndilo lililomkera Shangazi kuliko yote, mtu anakutukana kwa ubao nawe unamwambia ahsante… na Debe naye kamwaga unga, Debe wa sauti ya kukwaruza, waliyeanza naye siku moja, na yule wa kuigiza askari, na mpiga kinanda, wote kwa barua za mistari mitatu, sahihi chini, na sahihi ya nani, ya Mnong'ono.

Mnong'ono, ndiye bosi, tuseme nini tena, mwanamke ambaye miaka saba kazi yake ilikuwa kuchuchumaa nyuma ya kochi la jukwaani, kashika skripti na tochi ndogo, na mwigizaji akikwama yeye anamnong'onezea mstari wake, basi, hiyo tu, kwenye televisheni hakuwahi kuonekana hata kisigino, halafu kidogo kidogo kapanda, msaidizi wa mwongozaji, mwongozaji mwenyewe, na leo kiti cha Kipara, na mtu asidhani Shangazi alikaa kimya, alivaa koti akapanda kwa wakubwa wa ghorofa ya juu kabla hawajaamua, akawaambia mtu aliyezoea kunong'ona hawezi kupaza sauti, wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakampa mkono, wakampeleka hadi kwenye lifti, na wiki iliyofuata kiti wakampa huyo huyo Mnong'ono, ndio faida ya kuwa mchekeshaji, ukisema la maana wanakupigia makofi wanaendelea na yao… sasa anasema wafunue, na Shangazi anafunua, hana haraka, analowesha kidole ulimini, mwanamume wa miaka sitini na mbili, ndevu za mvi, wajukuu wanne, jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu, kwani tangu kipindi cha kwanza kabisa alipovaa wigi la kijivu na kushika mkoba mweusi, akawa yule shangazi wa ukoo anayeingia nyumba za watu bila hodi na kukagua sufuria, kila mtu anamwita Shangazi, daktari anamwita Shangazi, wakwe zake wanamwita Shangazi, polisi alimsimamisha barabarani akasema pita, Shangazi… ukurasa wa kwanza hayumo, sawa, wa pili hayumo, sawa, hata zamani alikuwa anaingia wa nne, na wa nne ndio huu, SHANGAZI, limeandikwa, lipo, moyo unatulia, kisha jicho linashuka pembeni pale kwenye majina ya wahusika na nani anaigiza, na mbele ya SHANGAZI pameandikwa jina la Binti wa Simu.

Na ndiye huyo anaanza kusoma, kajiweka sawa kitini, kalainisha koo, anaingia bila hodi, anawatazama wakwe juu mpaka chini, na mabano yale, anayajua kabla hajayafikia, (Shangazi anakohoa), na binti anakohoa… lo, paka mwenye mfupa kooni, mgonjwa wa wodini, hicho ni kikohozi gani, na meza inacheka, bila shaka, ukiwa na bosi mpya unacheka kwanza unaelewa baadaye, wote hawa kumi na mmoja wangechekea hata orodha ya vifaa vya umeme, na yule mwandishi wa miwani anapiga meza kabisa, mnafiki, jana tu alikuwa anampaka Kipara mafuta kwa mgongo wa chupa… kikohozi kile hakifundishiki, bibi wewe, hakitoki kooni, kinatoka machoni, ili ukohoe vile lazima uwe kweli hujui kinachofuata, na wewe umeshika karatasi, unajua kila kitu… maana kilizaliwaje, wiki ya pili ya kipindi, ukumbi umejaa, Shangazi kaingia, kasimama mbele ya wakwe, na mstari hakuna, umeyeyuka, kichwa cheupe, akakohoa, akafungua mkoba, tak, akatazama ndani kana kwamba mstari umo humo, akaufunga, tak, akakohoa tena, na watu wakaanguka, wakaanguka hasa, mama mmoja alitolewa nje kwa kukosa pumzi, na Kipara baadaye akamkumbatia akamwambia hiyo iwe kila wiki, wiki ya tatu ikaandikwa kwenye skripti, kwenye mabano, na watoto mitaani wakaanza kumkoholea akipita, kosa lake mwenyewe likamlisha miaka kumi na tisa, basi wamekichukua kikohozi wakamwacha mkohoaji, watu hawa, wangemtoa kuku yai wakamwambia kuku apumzike.

Ila kuna lile… hapana, asilifikirie hapa, mbele ya watu… lile analolijua yeye na mkewe basi, kwamba huu mwaka wa pili kikohozi si cha kuigiza, kimerudi kuwa kile cha wiki ya pili, mistari inayeyuka, si ya kipindi tu, alikwenda dukani asubuhi moja akafika mbele ya muuzaji asijue kimemleta nini, akakohoa, na muuzaji akacheka mpaka machozi, akamwita mwenzake wa duka la pili aje aone, kohoa tena Shangazi, akakohoa tena, akarudi nyumbani mikono mitupu, wale wauzaji wakidhani wameigiziwa bure, na mkewe mlangoni hakucheka, mkewe tangu ujana hajawahi kukicheka kikohozi hicho hata siku moja, sasa kila jioni anamuuliza swali lilelile, kwa upole, akiwa anakunja nguo, "Leo umekohoa mara ngapi?", na yeye anajibu mara mbili, za kazi, anamdanganya, na mkewe anakunja nguo, na juzi alimwambia umweleze bosi wako mpya, na Shangazi akawaka, amweleze nani, Mnong'ono, aende akapige magoti kwa mtu aliyekuwa anachuchumaa nyuma ya kochi, wakijua tu kwisha habari yake, hawatampa hata ngao, wataandika barua ya mistari mitatu na watu watasema maskini, na hakuna neno analolichukia duniani kama maskini… na mpaka leo hakuna aliyejua, hakuna, ni bahati pia, bahati na uzembe wa wengine, maana mafundi taa wa siku hizi hamnazo kabisa, kila kipindi kikirekodiwa taa zinazingua mara tatu mara nne, sauti inatoka chumba cha mitambo, "Kata, taa imesumbua," na yeye anapata nafasi ya kuchungulia skripti, ng'ombe hazeeki maini, anajua kutumia uzembe wa wajinga.

Na yeye wamemweka wapi, anapekua, wa tano, wa sita, wa nane, huu hapa, wa tisa, MZEE WA GAZETI, na jina lake, lile la kitambulisho, kana kwamba wanamwandikia hati ya kifo, Mzee ameketi sebuleni anasoma gazeti, uso hauonekani vizuri, haondoki kitini… haondoki kitini, uso hauonekani, hii si nafasi, hii ni samani, kabati angalau lina milango, na kumbe ndiyo maana mbele yake mezani kuna gazeti limekunjwa, alidhani mtu kalisahau, kumbe ni lake, vifaa vyake vya kazi, toka mkoba wa ngozi mpaka gazeti la juzi, na usomaji nao umefika hapo, Mnong'ono anausimamisha kwanza, anasema na yeye, anamtazama moja kwa moja, maana kiti hiki kinaelekeana na chake, ncha hii ya meza na ile, eti bila Shangazi kipindi hakina mizizi, eti kila wiki Mzee wa Gazeti atakuwepo, kilemba cha ukoka hicho, anavikwa mbele ya watu, na Binti wa Simu anatikisa kichwa kwa heshima, heshima ya kumwangalia mtu aliyekwisha kufa… basi, imetosha, atasimama, hata chozi hawatalipata, yeye si Kipara, atasukuma kiti kwa nyuma kilie, alitupe gazeti katikati ya meza, awaambie mambo matatu, matatu tu, la kwanza, kwamba kichekesho si kelele, la pili, kwamba mtu anayeng'oa nguzo zote kisha akajisifu kwamba nyumba ina hewa asubiri mvua, hilo zuri, hilo litamkaa, na la tatu, la tatu ndilo lenyewe, ndilo la kumaliza, amelipanga tangu alipoona kile kiti cha mlangoni, la tatu ni…

Amekwisha kusimama, na kiti kimelia, na wote wamegeuka, na la tatu halipo, na la pili nalo linaondoka, anaona mgongo wake, kichwa cheupe, na anakohoa, na ndipo mkono wake unapapasa ubavuni, unatafuta mkoba ambao haupo… na meza inavunjika, ndicho hicho, ndicho chenyewe, mwandishi wa miwani kavua miwani anapangusa macho, Binti wa Simu kashika kifua, "Jamani, ona anavyofanya," anasema, kwa pumzi, kama mwanafunzi, na kweli anacheka, si cha kumridhisha bosi hiki, anakijua kicheko cha kweli, lakini Mnong'ono hacheki, mtu mmoja tu mezani hacheki, anamtazama mkono, mkono ule unaopapasa, kama alivyokuwa akiutazama kwa nyuma ya kochi, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa anaona upande huo, kikohozi cha kuigiza kinaanza na mkoba, tak, halafu koo, cha kweli kinatangulia mkoba, na wa kukijua hicho duniani ni wawili, mkewe na… na anamwambia, kwa ile sauti yake ndogo, bila kuuliza chochote, "Fungua gazeti, Shangazi."

Anaketi, afanyeje, anafungua, na ndani mahali pa habari pamebandikwa karatasi nyeupe, na mistari yake, yote, kwa mkono, wino wa bluu, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na kabla ya kila mstari kuna maelezo madogo, binti atakuuliza saa, wewe utasema, mkwe atatoka, wewe utasema, ukurasa kwa ukurasa, kajipa kazi ya usiku ngapi huyu, na nje, upande wanaouona wengine, ni mpira na tangazo la magodoro, nani atamshangaa mzee kwa kusoma gazeti, ndiyo maana ameketi, ndiyo maana uso hauonekani, ndiyo maana haondoki kitini, maana mwezi uliopita alikosea mlango wa kutokea jukwaani, akasimama anatazama ukuta, na sauti ikatoka chumba cha mitambo, kata, taa imesumbua, na aliyekuwa anaongoza siku hiyo… aliyekuwa anaongoza miaka hii miwili… na taa, wale mafundi, aliwatukana mbele za watu, aliwaita vipofu wa kuajiriwa, nao wakainamisha vichwa wakanyamaza, taa hazikuwa na kitu, hazijawahi kuwa na kitu, na yeye alipanda ghorofani na koti lake akasema mtu aliyezoea kunong'ona, na walicheka, na lazima walimsimulia, mzaha mzuri hausimuliwi mara moja, alisimuliwa, na akakaa akaandika herufi hizi, mwandiko wenyewe mbaya, umelala upande, hakuna anayefundishwa kuandika siku hizi, hausomeki, au ni macho haya ndiyo yamejaa maji, pumbavu, mbele ya watoto… na kicheko kinaisha, watu wanarudi kwenye kurasa zao, wanasubiri, ni zamu yake, ukurasa uleule wa tisa, kiti kilekile cha mlangoni, hakuna kilichobadilika, Debe kaondoka, dirisha lina mwingine, na kule mwisho wa meza midomo ya Mnong'ono imefunguka kidogo, tayari, kama atahitaji, na Shangazi analiinua gazeti juu mpaka linamfunika uso, na anawaza jioni, mkewe na nguo zake za kukunja, atauliza leo umekohoa mara ngapi, na atamwambia mara moja tu, na kwamba ilikuwa ya kweli.