Boksi Kutoka kwa Chura Mnene

Boksi lilifika Jumamosi asubuhi, nikiwa bado na taulo kichwani. Mleta mizigo alilishika mbali na kifua chake, kama mtu aliyekabidhiwa paka asiyemjua.

"Samahani, mama," akasema. "Humu ndani kuna kitu kinalia. Kimelia njia nzima."

Nikatega sikio. Kweli, ndani ya boksi kitu kilikuwa kinasema *kero, kero, kero*, bila kuchoka.

"Ni chura," nikamwambia.

"Wa kweli?"

"Afadhali angekuwa wa kweli. Wa kweli hunyamaza."

Mimi naitwa Kanno Shigure. Natengeneza meno ya bandia hapa Kanazawa, na nikitoka kazini naandika blogu iitwayo Rafu Nyeupe. Mambo yangu ni madogo: kikombe, kitambaa cha meza, jinsi mwanga wa jioni unavyolala juu ya bakuli. Napenda vitu vyeupe na vya kijivu, na vyeusi pale inapobidi. Kahawa sitii sukari, ukutani situndiki picha. Mwenzangu mmoja kazini husema naishi kama mtu anayehama kesho. Nami humjibu kwamba yeye anaishi kama duka la zawadi la uwanja wa ndege, kisha tunaendelea na kazi. Sijawahi kuona haya kwa ninachokipenda.

Tuko kundi la wanablogu wa mambo ya nyumbani, kila mtu na wazimu wake. Yupo bwana mmoja wa Okayama anayeoka mikate na kuipa majina. Yupo bibi wa Sendai anayekusanya karatasi za kufungia peremende. Tunatembeleana kwenye maoni kila siku. Tunajua nani kabadilisha mapazia, nani mgongo unamsumbua, nani kagombana na dada yake kuhusu sufuria. Kuonana ana kwa ana, wengi wetu hatujawahi.

Kila mwaka, mwezi wa kumi, tunapiga kura na kutumiana maboksi. Unaweka vitu unavyovipenda, vile unavyovitumia kila siku. Anayepokea anapaswa kuishi navyo wiki moja, kisha aandike ukweli mtupu. Kubembelezana hairuhusiwi.

Mwaka huo kura iliniangukia kwa Chura Mnene, mkazi wa Miyazaki, kusini kabisa. Blogu yake niliwahi kuifungua mara moja, nikaifunga haraka. Kila kitu kilikuwa kijani.

Basi nikafungua boksi. Ile iliyokuwa inalia ni saa ya kuamsha yenye umbo la chura, mdomo wazi. Chini yake kulikuwa na ndara zenye macho yanayotikisika ukitembea. Kulikuwa na kishikio cha sufuria chenye miguu minne. Kulikuwa na bakuli la supu ambalo ndani yake, chini kabisa, ameketi chura wa udongo anayejitokeza kidogo kidogo kadiri unavyokunywa. Mwisho, mfuko wa viazi vitamu vilivyokaushwa, na chupa ya pilipili iliyosagwa pamoja na maganda ya yuzu, tunda la jamii ya ndimu.

Nikaketi sakafuni, nikavitazama. Navyo vikanitazama.

Kanuni ni kanuni. Nilivaa ndara zile. Niliamshwa na saa ile, na siku ya pili jirani akagonga ukuta. Asubuhi moja nilikunywa supu ya miso hadi pua ya chura ikatokeza kwenye mchuzi, nikaweka bakuli chini kwa adabu, kana kwamba nimemkuta mtu bafuni.

Wiki ilipokwisha nikaandika. "Nimekula supu nikiwa natazamwa na supu," nilianza. "Saa hii haimwamshi mtu, inamkamata. Ndara zinanifuata hata nikizivua. Viazi ni vitamu mno, nimevila vyote ili visiendelee kuwepo. Pilipili ya yuzu ni nzuri ajabu, nimeitia kwenye tofu, kwenye samaki, hata kwenye yai, na inasikitisha kwamba imefungwa ndani ya chupa yenye picha ya chura anayekonyeza. Picha nimeibandua. Pilipili sasa inapumua."

Kesho yake Chura Mnene naye akapandisha yake. Nilikuwa nimempelekea bakuli jeupe la mfinyanzi mmoja wa hapa kwetu, kitambaa cha kijivu cha jikoni, na chai yetu ya mabua ya mchai yaliyokaangwa.

"Nimepokea bakuli," aliandika. "Nikaligeuza nikitafuta mchoro. Nikaligeuza tena. Nikarudi kwenye boksi kuona kama mchoro umebaki humo. Jioni nikalinywea supu, nikajiona nimelazwa, nangoja daktari apite. Kitambaa ni cha rangi ya mawingu ya siku ya msiba. Chai sina neno nayo. Nimekunywa birika tatu. Bi Rafu, wewe ni mzima? Kwenu kuna jua?"

Nilisoma nikiwa kazini, nikacheka hadi gego likaniponyoka mkononi.

Basi watu wakagawanyika. Yule bwana wa mikate akaandika, "Bi Rafu, usimwachie!" Bibi wa Sendai akaenda upande wa vyura waziwazi. Nami nikajibu, naye akajibu, ikawa ndiyo kazi yetu. Nilipoonyesha chombo changu cha maua chenye tawi moja kavu, akaniuliza kama nimeyapa maua talaka. Alipoonyesha pazia lake jipya lenye vyura wanaoruka kamba, nikamwomba amkumbuke jirani wa dirisha la pili, naye ana macho. Asubuhi nilikuwa nafungua simu kabla ya kunawa, nione mzee yule kasema nini. Nilijua ni mzee kwa sababu alilalamika sana kuhusu magoti.

Ndipo akaja mtu asiye na jina. Hakuwa na blogu wala picha. Aliandika kwenye ukurasa wa Chura Mnene: "Mtu mzima na midoli ya watoto. Aibu. Wanao wanajua unavyojidhalilisha? Nenda ukapimwe akili." Siku iliyofuata akarudi na mabaya zaidi, na mengine yalimhusu mke wa mzee yule.

Ukurasa wa Chura Mnene ukanyamaza. Baada ya siku kadhaa akaandika mistari miwili tu: kwamba amefurahi sana kuwa nasi, na kwamba huenda akapumzisha blogu, maana labda kweli ameshapita umri.

Nilisoma mistari ile nikiwa nimesimama jikoni, nikasikia masikio yanawaka moto. Sikuketi. Niliandika nikiwa nimesimama hivyo hivyo.

"Wewe usiye na jina. Mimi nimesema saa ya Chura Mnene ni mateso, na narudia kusema: ni mateso. Ndara zake ni kichaa. Lakini nimesema kwa jina langu, nikiwa nimeweka meza yangu wazi, na yeye anajua mlango wa kuja kunicheka. Huo ndio utani wetu, tumeulipia. Wewe umekuja umefunika uso, umetema mate sebuleni kwa mtu, ukaondoka. Onyesha kwanza kikombe unachonywea chai. Kipige picha tukione. Ukishatuonyesha unachokipenda wewe, ndipo uzungumze habari ya vya wenzako. Chura Mnene, na wewe! Umri gani umeupita? Nani kakuambia vyura wana umri? Rudi, sijamaliza kukusema."

Nikatuma, nikaenda kuoga. Niliporudi, bwana wa mikate alikuwa amepandisha picha ya kikombe chake: cha plastiki, kimepasuka ukingoni, kimeandikwa jina la timu ya besiboli ambayo haijashinda kitu tangu ujana wake. Chini yake kaandika, "Hiki ndicho changu. Anayetaka kucheka, aje na chake." Bibi wa Sendai akaleta chake, kina mpini uliogundishwa mara mbili. Wakafuata wengine, na wengine ambao sikuwahi hata kuwasikia: vikombe vyenye madoa, vyenye paka, kimoja cha bati cha jeshini, kimoja cha mtoto ambaye sasa ni daktari. Kundi zima lilimwaga makabati yake mezani. Asiye na jina hakuleta chochote. Hatukumsikia tena.

Chura Mnene alirudi Jumatatu.

"Bi Rafu," aliandika, "asante. Magoti yangu pia yanakushukuru. Lakini kuhusu ile saa: chini ya tumbo lake kuna swichi ya kupunguza sauti. Hukuiona?"

Sikuwa nimeiona.

Mwezi wa kumi na mbili Chura Mnene akanialika kwao. Alisema ni mke wake anayetaka kuniona, na amesema hataki kusikia sababu. Kwetu mvua ilikuwa inageuka theluji. Nikabadilisha ndege Fukuoka, nikashuka Miyazaki, nikakuta watu wameanika magodoro juani na figili zimetundikwa kwenye vichanja virefu mashambani. Mbele ya mlango wa uwanja wa ndege alisimama mwanamume mrefu, mnene kweli, amevaa koti la kijani.

"Bi Rafu!" akapaza sauti, watu wote wakageuka. "Hata koti ni la kijivu! Sikukosea!"

"Na wewe nimekuona tangu angani," nikamwambia.

Jina lake lilikuwa Hidaka Tsunehiko, dereva wa lori mstaafu. Njiani alinisimulia alivyokuwa akipeleka matango na pilipili hoho hadi Osaka, akivuka kwa feri, akilala kwenye lori. Mke wake alimpa chura mdogo wa kuning'iniza kwenye kioo, kama ilivyo kawaida yetu, maana kwa Kijapani neno "chura" na neno "rudi" hutamkwa sawa. Kila aliporudi salama, alinunua mwingine kwa shukrani.

"Na ulirudi mara nyingi," nikasema.

"Sana," akasema kwa fahari. "Utaona."

Niliona. Vyura walikuwa kwenye ngazi, juu ya televisheni, ndani ya choo. Mke wake, Misao, alitoka jikoni akifuta mikono: mwembamba, nywele fupi nyeupe, sweta ya rangi ya majivu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanivuta hadi jikoni, akafungua kabati dogo kando ya dirisha. Ndani kulikuwa na lile bakuli langu jeupe, peke yake, juu ya kile kitambaa changu.

"Nilimpa chura mmoja," akaninong'oneza. "Mmoja tu, Bi Kanno! Sikujua naanzisha nini."

"Nimesikia!" mume akasema kutoka sebuleni.

"Usikie! Ninyi wawili mnabishana watu wanacheka, na mimi ndiye ninayefuta vumbi." Akanigeukia. "Nilisoma uliyoandika siku ile. Yote. Alikuwa hali vizuri, ujue. Alikuwa anakaa tu pale, simu kaigeuza kifudifudi. Uliposema 'sijamaliza kukusema,' akacheka, akaomba wali."

Nikasema bakuli limepata mahali pazuri, na hiyo ilikuwa kweli.

Tulikula kuku wa kukaanga aliyechovywa siki, na mchuzi mzito wa mayai juu yake. Hidaka alidai mchuzi ujaze sahani, mke wake alidai kijiko kimoja kinatosha, nami nikaombwa kuamua. Nikasema kijiko kimoja, ila nikaongeza cha pili walipokuwa wanaendelea kubishana. Baada ya chai, Misao akaweka simu yake katikati ya meza.

"Sasa nifundishe," akaniambia. "Na mimi nataka yangu."

"Yako nini, mama?" mume akauliza.

"Blogu. Kwani ni ya wenye vyura tu?"

Nilimwonyesha pa kubonyeza. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akikataa nisome kabla hajamaliza. Picha alikuwa nayo tayari kwenye simu: kizingiti cha mlango wa nyuma wa jikoni, asubuhi, kikombe kimoja cha chai, na nje shamba lenye ukungu. Chini yake aliandika kwamba kila siku huamka kabla ya nyumba, huketi pale, huweka kikombe chini upande wa kulia, na hatazami kitu chochote. Ilianza miaka ya lori, alipokuwa akisikiliza kama injini inapanda kilima. Injini haipandi tena, lakini yeye bado huketi, na hapo ndipo anapopapenda kuliko pote.

Tuliituma. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu pia, wenzetu waione. Haikupita muda simu ikaanza kulia: bwana wa mikate, bibi wa Sendai, na mwingine aliyetaka kujua ile ni chai gani.

Hidaka alivaa miwani, akasoma, akairudisha simu mezani, akaichukua tena.

"Mama, kila siku unaketi pale?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Ukiwa nyumbani unakuwa umelala," akasema Misao, akivuta kiti chake mbele. "Sogea kidogo basi, unaniziba. Watu wananijibu."