Miguu Chini ya Mfarishi

Wageni wa kwanza walikuja Alhamisi, wakaagana nasi Ijumaa asubuhi, ingawa walikuwa wameomba kulala siku mbili. Wa pili wakafanya vivyo hivyo. Wa tatu walipofunga mbao zao za kutelezea kwenye theluji juu ya gari na kushika njia ya kupanda badala ya kushuka Tehran, nilisimama kizingitini nikalitazama gari lao hadi likapinda kwenye kona ya msikiti. Walikuwa wakihamia hotelini, kule juu, panapoanzia viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani.

Mgeni akiiacha nyumba yako akarudi mjini, pengine ameitwa na shughuli zake. Akiiacha akahamia nyumba ya ng'ambo ya bonde, ana sababu, nami nilitaka kuijua.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Mjukuu wangu Mahrokh, binti wa mwanangu Keyumars, aliacha kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Tehran akaja huku kijijini Varzinak, kuigeuza nyumba aliyoijenga baba yangu kuwa mahali pa kupumzikia watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Alipaka vyumba chokaa, akashona mifarishi upya, akaingiza maji ya moto bafuni. Nimeishi miaka mingi katika ukoo huu, na sijaona mwingine mwenye mikono kama yake. Baba yake alimpa muda hadi mwisho wa mwezi wa Bahman, wakati theluji ingali nene. Wageni wakikaa, vyema. Wasipokaa, nyumba itafungwa, Mahrokh atarudi kwenye kazi yake, nami nitapelekwa Tehran, kwenye ghorofa la mwanangu, ambako dirisha langu litatazamana na dirisha la mtu nisiyemjua.

"Ni chakula?" nilimwuliza Mahrokh.

"Chakula kina nini, Babu? Supu ya tambi wameifuta na mkate mpaka bakuli likang'aa. Yule mrefu aliomba hadi vitunguu vya kukaanga vilivyobaki kikaangoni."

"Magodoro, basi?"

"Wamelala kama magogo."

"Maji?"

"Ya moto. Walikaa bafuni mpaka nikadhani wamehamia humo."

"Sasa kuna nini?"

Akaiinamia korsi, akaanza kukung'uta makombo ambayo mimi sikuyaona. "Watu wa mjini hao, Babu. Mimi sijui."

Mjukuu wangu asipojua jambo hunitazama usoni. Siku hiyo aliyatazama makombo.

Korsi yetu iko katikati ya sebule. Ni meza fupi ya mbao. Chini yake hukaa seredani ya makaa yaliyofukiwa kwenye majivu, na juu yake hutandazwa mfarishi mpana unaoshuka pande zote nne hadi kwenye magodoro na mito iliyopangwa sakafuni. Mtu huketi, akauvuta mfarishi hadi kifuani, joto likampanda kutoka nyayoni. Upande wa juu, ulio mbali na mlango, ni wa mkubwa wa nyumba. Hapo aliketi baba yangu, na hapo ndipo niketipo mimi, mgongo wima na magoti yamekunjwa, kama nilivyofunzwa na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, ambaye fimbo yake ilikuwa haikosei mguu ulionyooshwa mbele ya mtu mzima. Wageni walipoanza kuja, niliutimiza wajibu wangu kikamilifu. Baada ya swala niliketi nao tangu chai ya kwanza hadi wa mwisho wao alipoomba ruhusa ya kwenda kulala. Niliwauliza hali za wazazi wao na masomo yao, nikawasimulia habari za majira ya baridi ya zamani, tulipokuwa tukitoka nyumbani kwa kupitia madirishani. Sikumwacha mgeni peke yake hata kidogo.

Kwa hiyo sikuielewa sababu, na jambo nisilolielewa huninyima usingizi. Nikavaa koti, nikachukua bakora, nikapanda mlima.

Chini ya viti vya waya alikuwepo Mashdi Qorban, tuliyelelewa naye mtaa mmoja, akiuza viazisukari vyekundu vilivyochemka, mvuke ukimfunika ndevu.

"Karibu, Haji! Umekuja kujifunza kuteleza?"

"Nimekuja kuuliza. Wageni wangu hupita hapa asubuhi. Unawaonaje?"

Akacheka hadi kijiko kikamtoka mkononi. "Wako nawatambua tokea mbali. Wanatembea kama mbuzi aliyekesha amefungwa kamba. Wanashika magoti, 'ah, oh.' Unawapa kazi gani huko, kukung'uta mazulia?"

"Nawapa chai."

"Basi chai yako ina ugonjwa wa baridi yabisi."

Nikaingia mkahawa wa hoteli.

Nitasema haki. Supu yao ilikuwa ya pakiti, chai yao ilikuwa mfuko wa karatasi unaoelea kwenye kikombe cha karatasi, na ukutani hapakuwa na picha wala aya, ila televisheni. Hata hivyo, pale penye kioo kikubwa walikuwepo wageni wangu wa jana, wale waliosema nyumba yangu ni pepo ndogo. Walikuwa wamelala chali kwenye viti virefu, viatu vimevuliwa, miguu imetupwa juu ya vigoda. Mmoja alikuwa anavichezesha vidole vyake vya miguu ndani ya soksi, amefumba macho, na uso wake una furaha ya mtoto aliyeshiba.

Yule mrefu akafumbua macho, akaniona. Kwa kufumba na kufumbua miguu yote ilikuwa chini, migongo imesimama, mikono iko vifuani.

"Haji! Salaam aleikum! Tafadhali keti hapa juu. Mungu akuzidishie umri, kivuli chako kisitupungukie."

"Mnaendeleaje?"

"Tuko chini ya dua zako. Tumeaibika, tuliwasumbua sana pale nyumbani."

"Hamkutusumbua. Kulikuwa na kasoro?"

"Kasoro? Mungu atuepushe! Kama nyumba ya baba yangu mzazi."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Nikanywa nusu ya kile walichokiita chai, nao wakakaa wameniangalia, wamenyooka kama wanafunzi siku ya mtihani. Nikaondoka nikijisemea kwamba vijana wenye adabu kama hii hawawezi kuniambia ukweli hata ningewaning'iniza kichwa chini. Sikujua bado kwamba jibu nilikuwa nimelitazama kwa macho yangu mawili.

Alhamisi iliyofuata yalikuwa yamebaki majuma mawili tu kabla ya Keyumars kuja. Walifika watu watatu: daktari wa meno aitwaye Farzin, mkewe Shadi, na Soroush, ndugu wa huyo mke, kijana mwenye mdomo mwepesi. Waliteleza mchana kutwa, wakarudi jioni nyuso zimewaiva kwa jua na theluji. Mahrokh aliwapa mchuzi wa kondoo na dengu, nyama imepondwa kwa mchi pembeni, mkate umetoka tanurini. Wakala kwa bidii ya kupendeza. Kisha tukahamia kwenye korsi, nami nikaketi mahali pangu.

"Baba yako anafanya kazi gani?" nikamwuliza Soroush.

"Mhandisi, Haji."

"Na wewe?"

"Mimi bado... najitafuta, Haji."

"Amejitafuta miaka yote hii, na hata soksi zake haoni," akasema Shadi, na sote tukacheka.

Farzin hakucheka vizuri. Uso ulimkunjamana, akashusha pumzi kupitia meno. Nikadhani joto halimfikii.

"Makaa yamezimika?"

"Hapana, Haji, asante, mikono yenu isiumwe, kuna joto tele."

Siamini jibu la heshima mpaka nimelihakiki. Nikaushika ukingo wa mfarishi upande wangu, nikaufunua, nikachungulia.

Makaa yalikuwa yakimeta vizuri. Kuyazunguka pembe zote palikuwa patupu, pana nafasi ya kutosha miguu ya ukoo mzima. Na huko pembeni kabisa, mbali na joto, yalibanwa magoti ya wageni wangu: ya Farzin yamekunjwa na kukaliwa, ya Shadi yamekumbatiwa kifuani, ya Soroush yamefungwa fundo kiasi cha kunishangaza jinsi atakavyolifungua. Walikuwa wameteleza mlimani mchana kutwa, na sasa wamejikunja ili kidole cha mguu wa mmoja wao kisije kikagusa goti langu.

Nikaurudisha mfarishi taratibu. "Makaa ni mazuri," nikasema.

Kwanza nilifanya lililo jepesi. Nikainuka nikawaambia naenda kupumzika. Wote watatu wakasimama pamoja nami, Farzin akijishika kiuno.

"Haji, tumekukosea nini?"

"Hamkunikosea. Ketini."

"Tuketi vipi nawe unatoka kwa ajili yetu? Basi nasi tunakwenda kulala. Tena kesho tutawapunguzia usumbufu, tutahamia—"

"Ketini," nikasema, "nakwenda jikoni mara moja."

Jikoni Mahrokh alikuwa anasuuza vikombe.

"Ulikuwa unajua."

Hakuuliza ninachokisema. Akafunga bomba. "Tangu wageni wa kwanza."

"Baba yako anakuja kuifunga nyumba, nawe umekaa kimya?"

"Ningekuambia nini, Babu? Nikwambie, 'Ondoka mahali pako, kwenye nyumba yako, wageni wapate kunyoosha miguu'? Heri nirudi mapokezi nikawatabasamie watu mpaka mashavu yaume."

"Hiyo ni jeuri."

"Ni malezi yako."

Nikasimama nikitafakari. Nikikaa, wanateseka. Nikiondoka, wanaona wamenifukuza, na aibu itawahamisha upesi kuliko maumivu. Mkubwa akiwa macho, adabu iko macho pamoja naye. Je, akilala? Hakuna aliyewahi kupigwa fimbo kwa kunyoosha mguu mbele ya mtu aliyelala.

Lakini mimi silali mapema, na kila mtu kijijini anajua. Nikajiuliza kama kufumba macho ni uongo. Nikaona kwamba macho ni yangu, na sijamwahidi mtu kuyaweka wazi.

Nikarudi sebuleni, nikaketi. "Mtaniwia radhi, wanangu. Mgongo umechoka." Kisha nikafanya jambo ambalo sikupata kulifanya mbele ya watu tangu utoto. Niliinyoosha miguu yangu chini ya mfarishi, yote miwili, mpaka nyayo zikafika karibu na seredani. Nikauegemea mto, nikafumba macho.

Nilisikia samovari ya chai ikinong'ona.

"Amelala?" Hiyo ilikuwa sauti ya Shadi.

"Hawezi, sasa hivi tu alikuwa anaongea," akasema Farzin.

"Amelala," akasema Mahrokh kutoka mlangoni, naye anajua vizuri kuliko wote. "Babu akishalala, hata mkivunja ukuta hasikii."

"Wallahi?" akanong'ona Soroush.

"Jaribu."

Mfarishi ukatikisika kidogo. Kitu kikasogea, kikasimama, kikasogea tena. Kisha nikasikia mifupa ya mtu ikialika, na Farzin akatoa mguno mrefu ambao sijasikia mfano wake nje ya hamamu.

"Ee Mungu. Magoti yangu. Yamenirudia."

"Sogeza huko, umechukua makaa yote!"

"Wewe una soksi mbichi, kaa mbali."

"Jamani, polepole, mtamwamsha mzee."

"Huyu? Angalia anavyokoroma. Kama trekta la kusukuma theluji."

Mimi sikoromi. Sijapata kukoroma, na marehemu mke wangu angetoa ushahidi. Nililimeza hilo, na ninaliandika hapa kuwa miongoni mwa mambo magumu niliyowahi kuyameza. Mahrokh akaleta chai, jozi na zabibu kavu, wakacheza karata, wakabishana ni mteremko upi Soroush aliangukia, wakalala palepale mmoja mmoja, miguu imechanganyika kama kuni.

Ijumaa hawakuhama. Jumamosi walipoondoka walishika njia ya kushuka, na Shadi alimwomba Mahrokh awawekee nafasi juma linalofuata, pamoja na rafiki zao. Nami kila jioni baada ya chai na salamu nilichoka mgongo.

Keyumars alikuja siku ya mwisho ya Bahman, giza limeshaingia, theluji iko mabegani mwake. Nilimsikia akifungua mlango na kusimama. Sijui aliona nini kwanza: nyumba iliyojaa watu, au baba yake, ambaye hata akiwa na homa kali huketi wima, amelazwa chali miguu imenyooshwa.

"Baba ana nini?" akauliza. "Mahrokh! Baba anaumwa?"

"Shhh!" wakasema wageni kwa pamoja. "Haji amelala!"

"Hajambo," akasema Mahrokh. "Yuko kazini."

Nikamsikia Keyumars akivua koti, kisha viatu, kisha akaketi upande wa chini wa korsi, ulio karibu na mlango. Mwanangu ni mtu mzima mwenye mvi, na hajapata hata siku moja kunyoosha mguu mbele yangu. Mtu akampa chai. Akainywa. Akamwuliza binti yake kwa sauti ndogo kama wageni ni wengi hivi kila juma, naye akamjibu kwamba mwezi ujao hakuna nafasi tena.

Muda ukapita. Kisha chini ya mfarishi unyayo mmoja ulikuja polepole, ukisitasita, ukagusa wangu. Ulikuwa wa baridi sana, wa mtu aliyetoka safari.

Sikuuondoa wangu, wala sikufumbua macho.