Kontena Lililotua Kabla ya Mstari

Kompyuta ya nyumbani kwao ilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kwa hesabu za kompyuta huo ni umri wa kupewa kiti kizuri na kuachwa usinzie. Badala yake ilibebeshwa makontena. Kila jioni Mama alirudi kutoka yadini, akavua viatu vyake vizito vyenye chuma puani, akaketi mbele ya skrini na kufungua mchezo wa kreni. Na kila jioni kompyuta iliunguruma kama lori linalopanda mlima, ikatoa joto la kutosha kukausha soksi. Soksi zilikaushwa kweli, mbili mbili, juu ya mfuniko.

Mama hakucheza kwa kujifurahisha. Kwa miaka tisa alikuwa dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye yadi ya makontena, na sasa alitaka kupanda juu, kwenye kreni, ambako mtu hukaa peke yake ndani ya kibanda cha vioo na hakuna wa kumpigia honi. Yadi ilikuwa na utaratibu wake. Kila mwombaji hupewa nafasi tatu za kujaribiwa kwenye mashine ya mazoezi iliyoko ofisini, yenye skrini kubwa na mipini miwili kama ya kreni halisi. Unashusha makontena manne juu ya mstari wa njano. Matatu yakikaa sawasawa, umepita. Ukishindwa mara tatu, faili lako linafungwa na unabaki chini na foklifti yako mpaka siku ya kustaafu.

Mama alikuwa ameshindwa mara mbili. Mara zote mbili msimamizi aliandika maneno yale yale: "Anaachia mapema." Mama aliyasoma mpaka karatasi ikalegea, asiambulie kitu. Nyumbani alishusha makontena ishirini mfululizo bila kukosea hata moja, tena huku anakula.

Jaribio la tatu lilikuwa Ijumaa. Jumatatu, binti yake alifika likizo kutoka shule ya bweni.

Binti huyu aliitwa Bisibisi, kwa sababu tangu akiwa na miaka sita hakuna kitu chenye skrubu kilichopona mikononi mwake. Sasa alikuwa na kumi na sita, na alikuwa na kipaji cha pili ambacho shule ilikitaja kwenye ripoti chini ya kichwa "Nidhamu". Likizo iliyopita alipindua picha ya skrini juu chini, na Mama akacheza nusu saa nzima ameinamisha shingo kama bata anayenywa maji. Kwa hiyo Bisibisi alipotangaza kwamba ametubu, na kwamba zawadi yake kwa Mama ni kuifufua kompyuta kabla ya Ijumaa, habari hizo zilipokewa kwa tahadhari.

"Mjomba atanisimamia," alisema.

"Mjomba wako naye anahitaji msimamizi," alisema Mama.

Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa fundi kompyuta mwenye kibanda kilichojaa mizoga ya mashine. Jumanne asubuhi, Mama akiwa kazini, alikuja na mfuko wa vipuri vilivyotolewa kwenye mizoga hiyo. Walilaza mgonjwa juu ya meza ya chakula na kumfungua.

Ndani kulikuwa na vumbi la kujaza mto. Walilitoa kwa brashi ya rangi. Waliongeza vipande viwili vya kumbukumbu, wakavisukuma mpaka vikalia "ta". Walitoa diski ya zamani, ile inayozunguka na kukoroma, wakaweka mpya isiyo na kitu cha kuzunguka. Mwisho ikaja kadi ya picha, ambayo ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake kwa kidole kimoja.

"Kata kile chuma," alisema Mjomba, akigusa ubavu wa ndani wa kasha.

"Kina kazi gani?"

"Kazi yake ni kutuzuia."

Kilikatwa. Mfuniko ulikataa kufunga, wakaufunga kwa kamba ya kiatu. Kisha waliwasha, wakafungua mchezo, na kompyuta ikajikokota vile vile kama jana. Mjomba alianza kuulaumu umeme, halafu dunia. Bisibisi alizunguka nyuma ya mashine, akakuta waya wa skrini bado umechomekwa kwenye tundu la zamani, na kadi mpya imekaa bure kama mgeni asiyekaribishwa. Akauhamisha kimya kimya. Picha ikanyooka. Maji kwenye gati yakaanza kumeta, na ndege mweupe ambaye hawakuwahi kujua kwamba yumo ndani ya mchezo akapita.

"Nilikuwa nakupima," alisema Mjomba.

Jioni Mama alirudi. Mchezo ulifunguka kabla hajavua kiatu cha pili, na hilo lilimshtua kidogo. Akashika mpini wake wa kuchezea, akanyanyua kontena la kwanza, akalisogeza kwa madaha, akaachia mpini ili lisimame.

Kontena lilisimama hatua moja kabla ya mstari.

La pili pia. La tatu lilitua juu ya paa la lori lililosimama hatua hiyo hiyo kabla ya mstari. La nne Mama hakulinyanyua. Aliweka mpini chini taratibu.

"Umefanya nini humu?"

"Nimeongeza nguvu tu, Mama."

"Mimi nina siku tatu. Tatu. Utani wako mwingine wote nimeuvumilia, lakini huu sitauvumilia. Rudisha ilivyokuwa."

"Safari hii sijafanya kitu."

"Safari zote hujafanya kitu. Hata picha ilijipindua yenyewe." Mama alisimama. "Nimeuharibu mkono wangu sasa hivi, hapa hapa. Yaani ni kama niko kwenye ile mashine yao ya ofisini."

Akaenda kuoga. Mjomba, kwa ushujaa wa kifundi, alikumbuka kwamba ana mteja.

Bisibisi alibaki ameikodolea macho skrini. Angeweza kurudisha vipuri vya zamani kwa saa moja, Mama akatabasamu, akashusha makontena yake ishirini, akalala kwa amani. Lakini yale maneno yalimkwama. Kama ile ya ofisini. Makontena yote yalikuwa yamekosea upande mmoja, kwa kipimo kile kile, na mtu aliyeharibikiwa mkono hakosei kwa nidhamu namna hiyo.

Alichukua simu yake, akaitafuta video moja ya likizo iliyopita. Akaitazama polepole, kisha mara ya pili. Mama alipotoka bafuni alikuta simu imesimamishwa mbele ya sahani yake.

"Tazama mkono wako, halafu tazama ndoano."

Kwenye video Mama alikuwa anacheza, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Mkono uliachia mpini. Ndoano iliendelea kwenda, ikaenda, ndipo ikasimama juu ya mstari.

"Kompyuta ilikuwa inachelewa kukusikia," alisema Bisibisi. "Wewe ukaizoea. Ukajifunza kuachia kabla hujafika, ukiisubiri ikufuate. Sasa haichelewi tena. Na ile ya ofisini haijawahi kuchelewa."

Mama aliirudia video. Aliirudia tena. Alikaa.

"Miezi kumi na minne," alisema, "nimekaa hapa nikijifunza kushindwa."

"Ndiyo, Mama."

"Na hii video yangu uliirekodi ya nini?"

"Utafiti."

"Wameuona wangapi huo utafiti?"

Bisibisi alitafakari adhabu ya uongo na adhabu ya ukweli. "Bweni zima."

Mama aliisogeza sahani pembeni bila kuigusa, akashika mpini.

Jumatano makontena yalitua kabla ya mstari; alipojilazimisha kungoja, yakavuka mstari. Mkono ulikuwa na kichwa kigumu kuliko mwenye mkono. Alhamisi alipata mawili kati ya manne, kisha matatu, kisha mawili, kisha moja. Bisibisi alijaribu kumsaidia kwa kusema "sasa" kila ndoano inapofika, akaambiwa akafue sare zake za shule. Akafua. Kutoka uani alisikia mpini ukigonga meza, mara kwa mara, bila neno la mtu.

Ijumaa walikwenda pamoja. Mama aliingia kwenye chumba cha majaribio saa saba mchana, akatoka baada ya dakika ishirini na shati limemganda mgongoni. Mashine ile haikumwonyesha mtu alama zake. Majibu yalibandikwa saa tisa kwenye ubao kando ya kibanda cha mlinzi. Karatasi ilipobandikwa, Mama alibaki kwenye benchi.

"Nenda kanisomee. Miguu imekataa."

Bisibisi alikwenda. Kulikuwa na namba sita za wafanyakazi. Ya Mama ilikuwa ya nne, na mbele yake: makontena matatu, amepita.

Toka ubaoni hadi kwenye benchi ni hatua kama kumi na tano. Kwa mtu mwenye fani ya utani, nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Uso wa msiba alikuwa nao tayari, wa akiba. Aliutumia shuleni kila mwezi. Alimwona Mama ameshika kofia yake ya kazi kwa mikono miwili, kama anayeshika bakuli lililojaa mpaka ukingoni.

"Umepita," alisema. "Matatu kati ya manne."

Mama alimtazama usoni, muda mrefu, akitafuta mahali unapoanzia uongo.

"Niapie."

"Naapa, Mama."

"Kuapa kwako nakujua."

Akasimama mwenyewe, miguu ile ile iliyokataa, akaenda ubaoni. Akaweka kidole kwenye namba yake, akakivuta polepole hadi mwisho wa mstari, akarudi mwanzo, akakivuta tena. Halafu akamwita mlinzi, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akitania, akamwomba amsomee kwa sauti. Mlinzi akasoma. Mama akamshukuru, akavaa kofia yake, akamwomba arudie.