Kumi na Nane, Thelathini

Maman Honorine na mdogo wake Larissa waliingia dukani kwangu Jumanne asubuhi, wakakaa kwenye benchi moja, huyu mwisho huu na yule mwisho ule. Katikati pakabaki nafasi ya mtu mnene. Nikajua hapa kuna urithi.

"Papa Kamali," akaanza Larissa, "umwambie huyu maman atoe kile kitu."

"Umwambie huyu maman," akajibu Honorine akitazama ukuta, "kwamba nimesikia. Siko kiziwi."

Mimi ni sonara hapa Kamembe, ng'ambo ya mto kutoka Bukavu, si mkalimani, lakini siku ile biashara ilikuwa imelala. Nikakubali kazi zote mbili.

Habari yenyewe ni hii. Mama yao alifariki Bukavu miezi mitatu nyuma, akaacha vitu viwili vya maana: mashine ya kushona, na medali ya Bikira Maria aliyoivaa tangu usichana wake. Honorine, kwa kuwa ni mkubwa, alichagua kwanza, akachukua medali. Angenyamaza hapo, mambo yangeisha. Lakini mtu anayevusha nyanya za Giheke kila siku kwenda kuziuza Bukavu hawezi kushika kitu bila kukisifia. Mbele ya wajomba na mashangazi akaiinua medali, akasoma tarakimu zilizoandikwa chini ya miguu ya Bikira: 1830.

"Munaona? Karati kumi na nane, gramu makumi tatu!"

Larissa ni fundi wa nguo. Alikuwa ameshaikumbatia mashine. Akaiachia palepale. Gramu thelathini za dhahabu ni mashine ngapi? Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mwishowe familia ikaamua: ipimwe ng'ambo, kwa sonara asiye ndugu wa mtu. Ikiwa dhahabu, iuzwe, wagawane.

Honorine alikuwa amekubali kwa mdomo. Mkono ulikataa. Nilipoomba medali, nililazimika kuivuta mara mbili.

"Maman, naipima tu, siimezi."

Nikaitoa kwenye mkufu, nikaiweka juu ya mizani.

"Gramu nne," nikasema. "Hizo ishirini na sita zimeangukia wapi? Mtoni, mkivuka?"

"Mizani yako iko na njaa," akasema Honorine.

"Umwambie asitukane mizani ya batu," akasema Larissa.

Nikaisugua pembeni kwenye jiwe langu jeusi la kupimia dhahabu. Ikaacha mstari wa manjano mzuri kabisa, mzuri wa kudanganya. Larissa akasogea aone. Honorine naye akasogea. Nafasi ya mtu mnene ikawa ya mtu mwembamba. Nikadondosha tone la asidi. Dhahabu hubaki palepale ikikutazama. Mstari huu ulichemka kijani, ukatoweka kama mchumba aliyetajiwa mahari.

"Shaba," nikasema. "Shaba ya manjano safi, lakini shaba."

"Na kumi na nane, makumi tatu?" akauliza Larissa.

"Ni mwaka, maman. Elfu moja mia nane na thelathini. Padri alinieleza kwamba mwaka huo Bikira alimtokea sista mmoja huko Ufaransa. Medali za namna hii huandikwa hivyo, hata zile za bei ya chini kabisa."

"Weye Mwislamu, uliuliza padri mambo ya medali juu ya nini?" akauliza Honorine.

Nilijua tungefika hapo.

"Nilipokuwa kijana, kule Ruhwa, mtu mmoja alinionyesha medali kama hii. Nikasoma kumi na nane, nikasoma thelathini, nikampa baiskeli yangu. Nikarudi Kamembe kwa miguu, njia yote ninaimba. Kesho yake nikampelekea padri ili anunue. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Tangu siku hiyo napima kwanza, kusoma ni baadaye."

Larissa alicheka, akajizuia, akashindwa. Honorine hakucheka. Alishusha pumzi ndefu, akainyakua medali na kuikumbatia kifuani.

"Asante Yezu. Haiuzwi."

Larissa akamgeukia dada yake. "Yaya! Miezi tatu hatusemeshane juu ya shaba, na weye unafurahi?"

"Nisifurahi? Kila siku nilikuwa naomba ikuwe mbaya! Mulikuwa munataka kuniuzisha Mama."

"Basi uliisifia ya nini mbele ya batu?"

"Ni mudomo, Larissa. Unajua mudomo yangu."

Larissa akanyoosha mkono. "Lete na miye niishike."

Akapitisha kidole gumba juu ya uso wa Bikira. Ulikuwa umesuguliwa miaka mingi hata pua haikuonekana tena. "Hapa njo Mama alikuwa anashikilia wakati wa kuomba," akasema. Akaichomeka kwenye mkufu, akajivisha. "Jumapili hii navaa miye."

"Hii tu."

"Na ingine inayokuja."

"Larissa!"

"Weye umeivaa miezi tatu!"

Walivyoendelea hawakuhitaji mkalimani. Nikakohoa. "Kupima ni elfu mbili."

Wote wawili wakanigeukia kwa pamoja, bega kwa bega.

"Elfu mbili?" akasema Honorine. "Mbele ya kanisa hii kitu yenyewe banauza mia tano!"

"Yaya, umwambie elfu moja," akasema Larissa.

"Papa Kamali, mudogo wangu anasema elfu moja."

"Mwambie mdogo wako," nikajibu, nikiutazama ukuta, "kwamba nimesikia. Mimi si kiziwi."