Kichwa cha Wifi

Msusi aliitwa Redio, wala hakukasirika. Saluni yake ya viti vitatu na benchi moja haikukosa watu. Wengine hawakuja kusuka, walikuja kusikia. Lakini tangu wifi yake aanze kunyonyoka nywele, Redio ilizima, na ukimya ule ulikuwa ukimla.

Wateja walishasema yao. Wifi mtu ndiye aliyekuwa bango la saluni: kila mtindo mpya ulianzia kichwani kwake. Sasa bango limefungwa kilemba.

"Kama dawa yake ya nywele imemnyonyoa wifi, sisi wapita njia itatuachaje?" alinong'ona mmoja benchini, mnong'ono wa kusikika hadi barabarani.

Redio akakaza msuko.

"Aaa, dada! Kichwa hicho bado nakihitaji!" akalia mteja aliyekuwa akisukwa.

Angesema nini? Wifi alikuwa na ualbino, na miaka ya nyuma jua lilimwachia kidonda nyuma ya sikio. Saratani ya ngozi, wakaambiwa, ile ya kawaida. Ikakatwa, kovu likafichwa kwa misuko, maisha yakaendelea. Kisha kikaja kikohozi kisichosikia dawa. Daktari akapima, akapima tena: saratani ile ile ilikuwa imehamia kwenye mapafu.

"Ni nadra mno," alisema. "Hii kwa kawaida hukaa pale pale kwenye ngozi."

"Bahati nasibu sijashinda hata kipande cha sabuni," wifi akamjibu, "hii ndiyo ikaniangukia?"

Akapewa vidonge vya kusinyaza uvimbe, ila navyo hupukutisha nywele. Walipotoka nje akamshika Redio mkono. "Wifi, usimwambie mtu mpaka nijue kama vinafanya kazi. Sitaki kuliliwa huku nakula."

Leo alikuwa ameenda kuchukua majibu ya picha za mapafu. Kila pazia la mlango lilipotikisika, Redio aligeuka. Ilikuwa upepo, ilikuwa muuza vocha, ilikuwa upepo tena.

Hatimaye ikawa wifi. Hakusalimia mtu. Alivua kilemba, kichwa kitupu, kovu nje nje.

"Uvimbe umesinyaa," akasema, macho kwa Redio tu. "Haujaisha, naendelea kumeza vidonge. Lakini umesinyaa, tena sana. Haya, sema sasa, wifi yangu, kabla hujapasuka."

Chanuo likamponyoka Redio. Akamkumbatia wifi yake, akafuta macho kwa taulo la mteja, kisha akafunguka: kutoka sikio mpaka pafu, hakuacha hata kikohozi kimoja.

"Jamani, na mimi nilidhani ni dawa ya nywele," akasema yule wa benchini.

"Ulidhani? Ulitangaza! Redio ni mimi, wewe ni kipaza sauti!"

Kicheko kikatikisa kioo. Wifi akajitupa kitini.

"Nisuke."

"Nisuke nini, masikio?"

"Basi nipake mafuta. Bango lazima ling'ae."

Redio akamimina mafuta kiganjani, akapaka taratibu, kovu akalizunguka kwa kidole kimoja. Mdomo, huo haukupumzika tena.