Mbuzi wa Sajini Nzomo

Sajini Nzomo alipostaafu jeshini alifungua hoteli pale Kambu, akaiendesha kama kambi. Wafanyakazi walimwita afande, na aliyemjibu alifutwa kazi papo hapo.

Asubuhi moja ya mwaka 1979, Billow alichelewa. Huyo ndiye Mwislamu aliyemchinjia kila siku, kwa kuwa wateja wake wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini, na hao hawali nyama iliyochinjwa na yeyote tu. Hasira zikampanda Nzomo. Akashika kisu, yeye mwenyewe akamchinja mbuzi, bila kufikiria nyama italiwa na nani.

"Lakini afande, wale wageni wa..." mpishi wake, Mbinya, alianza.

"Nimekuomba maoni? Pika!"

Mbinya akapika.

Mchana Mursal, mmoja wa wale wafanyabiashara wa ng'ombe, na wenzake wakaketi, wakala. Nzomo akawasimulia kisa chake cha jeshini: kapteni alimfokea dereva aliyemwonya kuwa mto umefurika, wakaingia mtoni, lori likazama.

"Kiongozi asiyeambilika," akacheka, "ni hasara tupu."

Ndipo Billow akaingia mbio, kisu mkononi. "Nisamehe afande, gari liliharibika njiani. Nichinje yupi?"

Mikono yote ikasimama juu ya sahani.

"Mbona hukuniambia?" Nzomo alimgeukia Mbinya. Kisha akakumbuka alivyomfokea asubuhi, akainamisha macho.

Mursal alitoka nje kusukutua mdomo. Aliporudi hakupiga kelele. Kelele, Nzomo angeziweza.

"Sajini," akauliza taratibu, "yule kapteni wako alikuwa anaitwa nani?"