Rezistansi Iko Muzima

Jumatano saa tatu asubuhi, Djibril aliifungua mashine ya kufulia ya Madamu Marie-Louise, katika nyumba yake ya mtaa wa Himbi, akaziweka skrubu nane za nyuma ndani ya kifuniko cha chupa ili zisipotee. Ilikuwa mashine mpya, ya mlango wa juu. Ilivuta maji, ilizunguka, iliyamwaga, lakini haikuyapasha moto. Madamu alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Hakumkaribisha fundi hata maji.

"Sikukuita utafute kwa nini imekufa," alisema. "Ile minajua. Ni Béata njo aliiharibu. Nataka tu uandike."

Béata alikuwa mama wa kufua katika nyumba ile kwa miaka tisa. Mashine ilinunuliwa ili yeye aondoke mwisho wa mwezi, na katika siku zilizobaki alipewa kazi ya kuijaza nguo. Siku ya tatu maji yakaanza kubaki baridi. Madamu alisema ni wivu, akaita askari wawili, nao wakampeleka kasho, chumba cha kufungia watu kilichokuwa nyuma ya ofisi yao. Alikuwa huko tangu Jumamosi. Kilichokosekana ni karatasi ya fundi.

Djibril alikuwa mtu wa mtaa wa Mapendo, wa ukoo wa wafanyabiashara kutoka Maniema, na hakupenda kuandika kitu ambacho hajakipima. Alizima umeme, akachomoa nyaya mbili za rezistansi, ule mrija wa chuma unaopasha maji chini ya pipa, akaigusisha ncha za kipimo chake. Kama ingekuwa imekatika, namba isingetokea. Ilitokea: ohm ishirini na saba. Akapima kati ya rezistansi na bati la mashine kuona kama umeme unavuja. Haukuvuja. Akapima kile kidude kinachohisi joto la maji. Kizima. Akarudisha nyaya, akaiwasha mashine, akaubana waya kwa kipimo chake kingine, kile cha koleo. Ampea nane zilikuwa zinapita.

Alisubiri dakika arobaini, kisha akatia mkono ndani ya maji. Yalikuwa baridi kama yalivyotoka kwenye tanki.

"Rezistansi iko muzima, Madamu," alisema akijifuta mkono. "Moto inatoka. Ila haibaki mu maji."

"Inaenda wapi?"

"Bado sijue."

"Basi tafuta. Na usirudie hapa bila karatasi."

Djibril aliiacha mashine inazunguka, akaenda kasho. Katika kazi yake, mtu wa mwisho kukigusa kifaa ndiye anayeulizwa kwanza.

Mlangoni palikuwa na askari aitwaye Fiston, aliyekuwa akitundika soksi zake kwenye nondo za dirisha la kasho.

"Uko na kitu ya kukausha?" Fiston aliuliza.

"Niko na maswali."

"Ingia."

Ndani mlikuwa na joto kama la tanuri la mikate. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, lakini kuta zilikuwa kavu. Wanawake wengine wawili waliofungwa humo walikuwa wamemkaribia Béata, wametandaza vitenge vyao vilivyolowa miguuni pake. Béata, mama wa miaka hamsini hivi, alikuwa amekaa sakafuni, viganja vimeelekea juu, na juu ya viganja hivyo sufuria ndogo ya maji ilikuwa inachemka. Ilikuwa chai ya askari.

"Haikuunguze, mama?" Djibril aliuliza.

"Hapana. Niliionaka kule kwake: inaanzaka saa Madamu anawasha mashine, inaisha saa anazima. Jana hakuwasha. Tulilala na baridi, siye wote."

Djibril alitoa simu, akampigia Madamu, akamwomba azime. Baada ya muda mfupi maji ya sufuria yalitulia. Akamwomba awashe tena. Walingoja, na wale wanawake wawili wakavuta vitenge vyao karibu zaidi. Mapovu yakarudi. Djibril alirudia jambo hilo mara ya pili, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi, na jibu likawa lilelile.

"Ni tangu wakati gani, mama?"

Fiston alikuja kuchukua sufuria yake. Béata akabaki na mikono mitupu, akajaribu kuikunja. Vidole viliishia nusu ya njia.

"Miaka tisa nilifua na maji ya baridi," alisema. "Mwezi wa sita, mwezi wa saba, mashuka ya watu sita. Nilimuombaka maji ya moto, birika moja tu. Akaniambia maji ya moto ni ya kuogesha watu." Akamtazama. "Siko mwizi, papa. Sikuiita ile moto. Ilikuya yenyewe."

"Minajua, mama. Nitaandika vile iko."

Moyo wake ulikuwa mwepesi alipokuwa akiandika kwenye meza ya Fiston. Mambo yalikuwa wazi. Aliamini kwamba jioni ile ile mama huyo angelala kwake. Aliandika kwamba rezistansi ni nzima na hakuna mtu aliyeiharibu mashine. Kwamba joto lake linaenda kwenye mikono ya mama Béata. Na kwamba mama Béata alifua kwa maji baridi katika nyumba hiyo kwa miaka tisa, hata vidole vyake havikunjiki. Akatia sahihi, akaipeleka karatasi Himbi.

Madamu Marie-Louise aliisoma amesimama, mara mbili.

"Sasa umeandika vizuri," alisema. "Ni mwizi."

"Madamu, sikuandika vile."

"Umeandika moto yangu iko mu mikono yake. Ile inaitwaka nini?"

"Soma na ya chini. Iko pale, maneno ya maji ya baridi."

"Ya chini haihusu mashine."

Alichukua rula, akaikata karatasi chini ya mstari wa mikono ya mama Béata, taratibu, ili isichanike vibaya. Kipande cha juu alikipeleka kwa askari. Kipande cha chini alifutia kahawa iliyomwagika juu ya mashine.

Askari nao hawakushangaa. Walikubaliana kwamba Béata abaki mfungwa wao, kwa sababu ya chai, lakini siku za kufua Fiston amlete Himbi arudishe alichochukua. Jumamosi Djibril akaitwa tena. Mashine ile haikubali kuzunguka mlango ukiwa wazi, na Madamu alitaka aunganishe nyaya za kizuizi cha mlango ili ikubali.

"Siwezi," Djibril alisema. "Kile kiliwekwa kwa kulinda mikono ya watu."

"Fiston," Madamu aliita, bila kupandisha sauti, "mu kasho yenu kungali fasi ya mutu mumoja?"

"Iko, Madamu."

Djibril alipiga magoti nyuma ya mashine. Kazi ile ilihitaji kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole. Hakumtazama Béata, aliyekuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine. Mashine ilipowashwa, Fiston alimshika mama huyo viwiko, akaizamisha mikono yake katika pipa. Baada ya robo saa Djibril aliamriwa apime maji. Digrii sitini.

"Mashuka kwanza," alisema Madamu, akayatia juu ya mikono ile.

"Ni miye tena njo nafua, papa Djibril," Béata alisema.

Djibril alikipangusa kipimo chake. Alikusanya vyombo vyake, akatoka. Alikwenda haraka kwa aibu, akitaka kufika Mapendo kabla hajakutana na mtu anayemjua.

Kwenye nyumba ya tatu, mwanamke aliyevaa gauni la nyumbani alimsimamisha. Alijitaja kuwa Mama Élodie, jirani.

"Ni weye ulitengeneza ya Marie-Louise? Yangu nayo inakataa kupasha maji."

"Nitapima rezistansi kwanza, mama," Djibril alisema.

"Pima," Mama Élodie alisema, akalifungua geti lote. "Ila wangu wa kufua iko tayari. Miaka kumi na moja, na maji ya moto sijamupa hata siku moja. Nimemukalisha pa mashine tangu asubuhi."